"Sistahili" si sawa na "sina thamani"



Leo naomba tukae na neno moja la Kiingereza: "worth". Tunalikuta kila kukicha. Kwenye simu tunasomewa "net worth" ya msanii fulani, kwamba ana mabilioni kadhaa. Rafiki anaandika kwenye stetasi yake kuwa yule kaka hakuwa "worth" machozi yake. Na ninyi mnaosali Misa ya Kiingereza vyuoni mnalitamka kila mara kabla ya Komunyo, pale mnaposema "not worthy". Ni neno fupi tu, lakini nimeona likiwaumiza watu, na ndiyo maana nimeona tulijadili kwa kirefu kidogo.

Kuna binti mmoja wa chuo hapa Morogoro aliniambia kwamba ana karibu mwaka mzima hapokei Ekaristi. Anakuja Misa, anakaa benchi la nyuma, wenzake wakipanga mstari yeye anabaki amekaa. Nilidhani kuna kizuizi fulani. Akasema hapana, ameshaungama, padre kamwondolea, hana shida hiyo. Shida yake ni kwamba aliachwa na mtu aliyetegemea atamwoa, na siku ya kuachana yule mtu alimwambia kwa Kiingereza kuwa yeye ni "worthless". Halafu Jumapili anaingia kanisani, anasikia kanisa zima linamwambia aseme "I am not worthy". "Sasa," akaniuliza, "kama na Kanisa nalo linakubaliana na yule kaka, mimi nikapokee nini?"

Hebu tulia na swali hilo kidogo. Halikuwa swali la kijinga. Kwa Kiingereza maneno haya mawili, "not worthy" na "worthless", yamezaliwa tumbo moja. Mtu aliyeumizwa anayasikia kama neno lilelile. Ila Kiswahili kimetutendea wema hapa, maana kimeyatenga kabisa. Tunasema "sistahili" na tunasema "sina thamani", na hakuna bibi yeyote wa Matombo au Kinole anayeweza kuyachanganya. Bibi huyo ukimpa zawadi kubwa atakuambia, "Jamani mjukuu wangu, mimi nastahili haya yote?" Huku anacheka na anapokea kwa mikono miwili. Hajasema yeye ni takataka. Kasema zawadi ni kubwa kumzidi.

Tuanze na thamani, kwa sababu huko ndiko tunakoumizwa zaidi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao "thaman" ni bei, ile ya dukani. Kwa hiyo asili yake ni sokoni. Na soko sisi watu wa Moro tunalijua. Panda juu Mgeta, fika Nyandira asubuhi ya soko, uone njegere, karoti, kabichi na viazi vinavyoteremshwa kutoka mashamba ya miteremko ya Uluguru. Mkulima kalima, kapalilia, kabeba kichwani, halafu anakutana na dalali ambaye hajawahi kushika jembe katika mteremko ule, na huyo ndiye anayetaja bei. Kama mvua imeharibu barabara na magari ni machache, bei inashuka. Kama Dar es Salaam mboga zimeadimika, bei inapanda. Kabichi ni ileile.

Na mnaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, linakuwa kama mtu aliyebeba mtoto mabegani, lakini mnunuzi analipa gunia moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado mkulima analalamika. Mimi nikiangalia jinsi vijana tunavyopimana siku hizi, naona lumbesa tupu. Binti awe msomi, awe na kazi, awe mzuri wa sura, awe mpole, awe na umbo, awe na hela, na bado ataambiwa "wa kawaida tu". Kijana wa kiume awe na gari, kiwanja na kazi serikalini akiwa na miaka 25, la sivyo hajielewi. Tunashoneana vilemba, tena wengine tunajishonea wenyewe usiku tukiwa tumelala na simu.

Hiyo ndiyo thamani ya kupachikwa. Mtu anakutazama, anakubandika bei, anaondoka. Wewe unabaki na ile karatasi ya bei mgongoni.

Kuna jambo la mkoa wetu huu ambalo nadhani linasaidia kulielewa hili kuliko mahubiri marefu. Katika ardhi ya Morogoro, kule Matombo na zaidi kule Mahenge, yanapatikana mawe yanayoitwa spineli, mengine mekundu, mengine ya waridi iliyokolea. Kwa karne nyingi duniani jiwe hilo lilichanganywa na jiwe jingine. Likiwa jekundu waliliita rubi. Lile jiwe kubwa jekundu lililoko mbele ya taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa Black Prince's Ruby, ni spineli. Wafalme wamelivaa wakidhani ni rubi. Wataalamu walipokuja kulitofautisha, mwishoni mwa karne ya 18, spineli ikashushwa hadhi, ikawa jiwe la pembeni, la mtu aliyekosa rubi. Halafu mwaka 2007, huko Ipanko karibu na Mahenge, wachimbaji wakakuta mawe makubwa ya spineli, moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Wafanyabiashara wa vito wakageuza shingo. Leo ukitaja "Mahenge" kwa mtu wa vito wa Bangkok anajua unazungumzia rangi gani, na bei siyo ya kuuliza kama huna pesa.

Jiwe lilikuwa chini ya ardhi muda wote huo. Halikujua kwamba limedharauliwa, halikujua kwamba limepanda.

Lakini nisiwadanganye, mfano huu una mwisho wake. Jiwe, hata liwe zuri namna gani, halina thamani mpaka atokee mtu wa kulitaka. Na hapo ndipo imani yetu inaposema jambo kubwa sana ambalo tunalipita haraka: sisi tulitakwa kabla hatujawepo. Mungu hakututazama kama dalali anayetazama mzigo uliokwisha shushwa. Kututaka kwake ndiko kulikotufanya tuwepo. Nabii Isaya, sura ya 43, anawaambia Waisraeli kwamba machoni pa Mungu wao ni wa thamani na wanaheshimiwa na wanapendwa. Tazama anawaambia akina nani. Anawaambia watu walioko uhamishoni Babeli. Hekalu limechomwa, mfalme hayupo, ardhi imekwenda. Ungewauliza "net worth" yao siku hiyo, jibu ni sifuri. Na ndipo neno hilo linapotamkwa.

Waluguru mnaelewa jambo hili kwa namna yenu. Mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake tangu anapozaliwa. Hakuna anayemsubiri afaulu kidato cha nne ndipo aingizwe kwenye ukoo. Kazaliwa, basi, ni wetu. Ubatizo uko hivyo.

Sasa kuna bei nyingine ambayo lazima tuitaje hata kama inatutia uchungu, maana njia yake ilipita hapa hapa. Karne ya 19 misafara kati ya bara na Bagamoyo ilipita Morogoro, na miongoni mwa vilivyobebwa walikuwamo watu. Walipelekwa pwani, wengine wakavushwa hadi Unguja, na kule sokoni mtu alikaguliwa meno, akageuzwa, akatajiwa bei. Mtoto bei yake, kijana mwenye nguvu bei yake, mgonjwa bei yake, na wengine walionekana hawafai hata kulipiwa ushuru. Soko lile lilifungwa mwaka 1873. Hapa neno "thamani" lilikuwa na maana moja tu, na ilikuwa inatajwa kwa fedha.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868 waliingia katika soko hilo wakanunua watoto ili wawe huru. Baadaye baadhi ya hao waliokombolewa, wakiwa watu wazima na wamefunga ndoa, ndio walioanzisha pamoja na wamisionari vijiji vya Kikristo vya bara, kama Mhonda mwaka 1877, na kutoka mwendo huo Injili ikafika mpaka milima yetu. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Kwa kununua, walilipa bei aliyoitaja muuzaji, na watu wamejadili sana kama hilo halikulinenepesha soko. Watoto wenyewe walilelewa kwa nidhamu kali na kazi nyingi za shamba. Historia yetu ina makovu na hatuna haja ya kuyapaka poda. Lakini fikiria babu mmoja wa imani yetu, mtoto wa miaka minane au tisa, anafundishwa katekisimu Bagamoyo, na mwalimu anafika kwenye neno "Mkombozi". Sisi tunalisikia kama jina la kanisani tu. Yeye hakuhitaji maelezo.

Maana kukomboa ni neno la mitaani, jamani. Umeweka simu yako bondi kwa sababu ya kodi ya chumba. Simu haijaacha kuwa yako, ila iko mikononi mwa mwingine na huwezi kuitumia mpaka pesa ilipwe. Siku unakwenda kulipa, unaikomboa. Na kiasi unachokubali kutoa kinaonyesha unavyoithamini. Hakuna anayetoa laki mbili kukomboa simu ya elfu kumi. Mtume Paulo anawaambia Wakorinto kwamba walinunuliwa kwa bei, na Petro anafafanua kwamba bei hiyo haikuwa fedha wala dhahabu, ilikuwa damu ya Kristo. Kwa hiyo mtu akikuuliza "worth" yako ni kiasi gani, mwelekeze msalabani. Risiti iko pale.

Mtakatifu Josefina Bakhita, dada yetu kutoka Sudan, alijua bei yake kwa sababu aliuzwa zaidi ya mara moja. Hata jina Bakhita, "mwenye bahati", alipewa na waliomteka. Mwaka 1889 mahakama ya Venisi ilitamka kwamba ni mtu huru, na mwaka uliofuata akabatizwa. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika waraka wake juu ya matumaini wa mwaka 2007, alimtaja kama mtu aliyegundua kwamba juu ya mabwana wote wale kuna Bwana mwingine anayemjua na kumsubiri. Alama za mapigo zilibaki mwilini mwake mpaka alipofariki mwaka 1947. Hazikufutika. Ila hazikuendelea kuwa ndizo zinazomtaja bei.

Haya, turudi kwenye "sistahili". Maneno yale ya kabla ya Komunyo tumeyachukua kwa akida wa Kirumi wa Kapernaumu. Fungua Luka 7, aya ya 1 mpaka ya 10, usome polepole, maana mle ndani watu wanapimana kila mstari.

Wa kwanza kupimwa ni mtumwa. Anaumwa karibu na kufa. Kwa sheria ya Roma mtumwa ni mali. Akifa unanunua mwingine. Lakini Luka anasema kwa bwana wake huyu alikuwa "entimos", neno la Kigiriki lililotoka kwenye "timi", yaani heshima, na pia bei. Ni mzizi uleule uliomo kwenye jina la Timotheo, basi akina Timo mjue mnabeba nini. Mtumwa mwenye bei ya sokoni, na bwana wake anamwona mpendwa wa kuheshimiwa.

Wa pili ni akida mwenyewe. Wazee wa Wayahudi wanakwenda kwa Yesu kumwombea, na hoja yao ni kwamba mtu huyu anastahili: analipenda taifa letu, katujengea sinagogi. Hiyo hoja tunaifahamu hata maparokiani kwetu. Fulani katoa mabati, fulani kanunua kinanda, basi anastahili kiti cha mbele. Neno la Kigiriki wanalotumia, "axios", lina picha ya mizani ndani yake: kitu kilicho na uzito wa kulingana na kilichoko upande wa pili. Wazee wameweka sinagogi upande mmoja wa mizani, na upande wa pili wanataka muujiza. Wanaona ngoma droo.

Na akida anakataa hesabu hiyo. Anatuma rafiki zake kusema hastahili Bwana aingie chini ya dari yake, wala hakujiona anastahili kwenda mwenyewe. Ni mtu mwenye cheo, mwenye askari chini yake, mwenye sinagogi lililojengwa kwa pesa yake. Hajidharau hata kidogo. Katika ujumbe huohuo anaeleza kwa ujasiri kwamba yeye anaamuru na watu wanakwenda. Anachokataa ni mizani. Anajua hakuna anachoweza kuweka upande wake kikamlazimisha Yesu aje. Akija, atakuja kwa wema wake. Yesu anashangaa, anawageukia watu na kusema hajaona imani kubwa namna hiyo hata katika Israeli.

Hiyo ndiyo "sistahili" ya Misa. Tunaisema wote, kuanzia padre mwenyewe aliyeshika Hostia. Askofu anaisema. Bibi wa jumuiya anayesali rozari tano kwa siku anaisema. Ingekuwa maana yake ni "mimi ni takataka", Kanisa lisingeweza kuiweka mdomoni mwetu na sekunde chache baadaye litukabidhi Mwili wa Kristo. Takataka huipi Mwili wa Kristo. Nilimwambia yule binti hivyo hivyo: yule kaka alitaja bei akaondoka, na Yesu anasikia "sistahili" yako halafu anakuja. Hao hawakubaliani hata kidogo.

Mwana mpotevu naye alikuwa na sentensi yake aliyoifanyia mazoezi njiani, kwamba hastahili tena kuitwa mwana. Baba hakubishana naye kama anastahili au hastahili. Aliita watu walete vazi na pete. Na ile sehemu ya kuomba awe kama kibarua, ukisoma Luka 15 vizuri, kijana hakupata hata nafasi ya kuimaliza.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona Paulo anaonya juu ya kula mkate huo isivyostahili, tena kwa maneno makali? Ni kweli, yako 1 Wakorinto 11, na sitayalainisha. Lakini angalia anachozungumzia. Anazungumzia namna ya kula, jinsi walivyokuwa wanakusanyika: wenye nacho wanakula na kulewa, maskini anabaki na njaa, halafu wote wanajidai wako kwenye meza ya Bwana. Anawaambia wajihoji kwanza ndipo wale. Mwisho wa kujihoji kwa Paulo ni kula. Na Kanisa linatufundisha kwamba mwenye dhambi ya mauti aende kwanza kwenye Kitubio kabla ya kupokea. Hilo linabaki palepale. Ila kuachwa na mchumba si dhambi ya mauti. Kufeli si dhambi ya mauti. Kukosa kazi miaka mitatu baada ya kumaliza chuo, kuwa mweusi sana, kuwa mnene, kuvaa viatu vilevile kila Jumapili, hakuna padre atakayekuondolea hayo, kwa sababu hakuna cha kuondoa.

Nitupie na hili moja, maana linatoka shina lilelile na mnaulizwa sana kule vyuoni. "Worship" kwa asili ni "worth" iliyoongezewa mkia: kutambua kwamba mtu au kitu kina thamani. Ndiyo maana huko Uganda hakimu anaitwa mahakamani "Your Worship" na hakuna anayemwabudu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kitabu cha zamani cha Kiingereza chenye neno hilo karibu na jina la Bikira Maria, usitetemeke. Sisi kwa Kiswahili tumeshatenga: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, Mama tunamheshimu kwa heshima kubwa kuliko watakatifu wote. Hayo tutayamaliza siku nyingine.

Kwa wiki hii nakuomba ukae na Luka 7 tu. Tazama kwamba yule mtumwa hatajwi jina, hasemi hata neno moja, hajui kwamba wazee wanabishania sifa za bwana wake barabarani. Amelala tu. Wale waliotumwa waliporudi nyumbani walimkuta mzima.

Na kama una jambo la kuungama, tafadhali usisubiri Jumapili dakika tano kabla ya Misa, wakati foleni imeshafika mlangoni na wewe unapata kisingizio cha kurudi benchi la nyuma. Mfuate padre katikati ya wiki, mgongee mlango. Hata kama yuko mezani anakula, atatoka.